Soli ya Kushoto

Nyemo, viatu vyako tayari.
Lakini kaa kwanza kwenye kigoda,
kuna neno limeandikwa kwenye soli
na hapa Majengo sokoni msomaji wake ni mimi.

Tazama. Ya kushoto imelika kisigino, upande wa nje.
Ya kulia bado ina meno.
Mguu mmoja unaukimbiza, mwingine unauburuza,
kama mtu anayekwenda kudai deni
huku naye anadaiwa.

Na huu udongo uliokaukia kwenye mshono
ni wa mteremko wa Ntyuka.
Uliushuka kwa kasi, wiki ya kwanza tu?
Usikatae. Kiatu hakimwonei mtu haya.

Anza polepole mpaka uone aibu.
Akupite muuza maji na baiskeli yake,
akupite mama wa karanga, beseni kichwani.
Akisema *Mbukwenyi*, mwitikie vizuri,
umuulize na habari za watoto, kwa majina.
Ukikatika pumzi kabla ya mtoto wa pili,
umekimbia mno.

Mwezi wa saba upepo wa Dodoma hauna adabu.
Utoke nyumbani ukiwa umeuelekea,
ule mchanga, ufumbe jicho moja,
ili saa ya kurudi, miguu imekwisha, ukusukume mgongoni.
Mimi nilifanya kinyume miaka miwili.
Nilidhani napaa.
Kumbe nakopa.

Usiku wa kuamkia safari ndefu
kula ugali wa mtama na mlenda, ulale.
Asubuhi ya mbio usijaribu jambo jipya:
si soksi, si chai ya tangawizi,
si ushauri wa jirani,
hata wangu, kama ndiyo kwanza unausikia.

Unaona kile kiatu kilichofungwa kamba pale?
Nimekipaka gundi jana.
Mwenyewe alikuja saa nne na haraka zake,
nikamwambia, nenda kanywe chai, urudi kesho.
Gundi haishiki ikishikwashikwa.
Nawe Jumatatu umepakwa gundi.
Lala.

Yako maumivu yanayozurura mguu mzima:
hao ni wageni, watalala, wataondoka.
Na yako yanayokaa pamoja kama msumari,
kila siku saa ileile, mahali palepale.
Huyo ni mwenye nyumba.
Simama. Panda bajaji.
Mshipa hauna kiraka, Nyemo, ningekuuzia.

Mbio zangu za kwanza niliingia Uwanja wa Jamhuri
nikakuta wanakunja meza.
Kijana mmoja, Chilewa, alibaki na medali mfukoni,
wala hakuwa ananisubiri,
alisahau tu kuirudisha kwenye boksi.
Akanivisha huku anatafuna kashata.
Nikatembea nayo shingoni hadi Chang'ombe.
Mke wangu akauliza: umekuwa wa ngapi?
Nikasema: nimefika.
Akasema: basi kachote maji, si mwili umeshapata moto.

Kwa hiyo usiniulize habari za kushinda, sizijui.
Najua kilometa ya kumi na sita,
pale akili inapotoa daftari na kuanza kukupigia hesabu:
kitanda kiko wapi, nani alikutuma, ada ya mtoto.
Usibishane nayo.
Hesabu nguzo za umeme. Ukikosea, rudia kutoka moja.
Mimi hukosea kila mara,
na nguzo zinapita.

Haya. Kisiginoni nimetia kipande cha tairi,
nimeshona uzi mara mbili.
Elfu tatu. Mia tano iliyopungua utaileta Jumapili
ukitokea Ihumwa, upite hapa hapa mbele ya meza.
Nitakuwa nimeinama, sindano mkononi.
Sitainua kichwa.
Nitasikiliza kushoto,
nitasikiliza kulia,
kama sasa zinaongea sauti moja.